Nani Akabidhiwe Sheria ya Fidia?

Tegeni masikio, nanyi mnaojua sheria msinikatize. Palikuwa na watu watatu. Nyamvula, mshona nguo, hakujua kumung'unya maneno. Mbwarali, wakili, alisoma hata yale ambayo wenzake huyaruka. Kigalu, kiongozi wa Jimbo la Kusini, alikuwa na mamlaka, na mwenye mamlaka ana mengi ya kupoteza.

Nyamvula alilelewa kwenye makao ya watoto ya jimbo hilo. Huko alipigwa, akadhalilishwa, kisha akaambiwa ashukuru kwa ugali. Alipofika miaka hamsini alisimama mbele ya tume iliyochunguza makao hayo akamtaja mtesi wake kwa jina. "Sikuja kupewa pole," alisema. "Nimekuja kudai." Wenzake mia nne wakapata moyo, nao wakasema. Bunge la Shirikisho likatunga sheria: kila aliyeumizwa aombwe radhi hadharani, atibiwe, alipwe fidia.

Makao yakakimbilia mahakamani, na mahakama ikaifuta sheria. Kwa mujibu wa katiba, malezi ya watoto ni kazi ya majimbo, na Shirikisho lilikuwa limelima shamba la mwenzake. Nyamvula alilia kwa hasira. Mbwarali, ambaye ndiye aliyeiandika sheria ile akateleza, alijifungia na katiba wiki tatu. Akatoka na ibara iliyosahaulika: jimbo likipenda, linaweza kulikabidhi Shirikisho mamlaka yake.

Likipenda! Nyamvula akaenda kwa Kigalu, ambaye mama yake mzazi ndiye aliyekuwa msimamizi wa makao yale.

"Mama Nyamvula, unataka nimwanike mama yangu?"

"Mheshimiwa, mimi nilianikwa nina miaka saba."

Juma lililofuata Kigalu alipeleka azimio la kukabidhi mamlaka kwenye baraza la jimbo, likapita kwa tofauti ya kura moja, yake mwenyewe. Ukoo wake ukamsusa. Sheria ikatungwa upya, na safari hii mahakama haikuigusa.

Sasa, nchi ile ina desturi yake. Kila sheria hupewa mlinzi mmoja anayeshika muhuri wake. Jimbo haliwezi kuchukua tena mamlaka liliyoyakabidhi mpaka mlinzi huyo akubali. Na tayari nusu ya baraza la Kusini walikuwa wanayataka yarudi, sheria ife.

"Nipeni mimi," akasema Mbwarali bungeni, siku Spika alipotakiwa kumtaja mlinzi. "Bila ibara ile mngekuwa bado mnalia mlangoni mwa mahakama."

"Na bila kura yangu, ibara yako ingebaki wino," akasema Kigalu. "Nimewapoteza ndugu zangu kwa ajili ya sheria hii."

Nyamvula akasimama. "Wewe wakili, ndiye uliyetuangusha mara ya kwanza. Nawe mheshimiwa, jimbo linalotaka kutoroka ni lako."

"Nawe ulinyamaza zaidi ya miaka arobaini," akadakia mbunge mmoja.

"Nilisema nikiwa na miaka saba, nikachapwa. Mlioziba masikio ni nyinyi!"

Kigalu akasema kwa upole, "Mama, mlinzi huombwa pia kukubali marekebisho ya sheria, hata yale yenye faida. Wewe utakataa kila kitu."

"Ndiyo," akasema Nyamvula. "Nitakataa."

Spika ameshika muhuri, anawatazama wote watatu. Mmoja alisema, mmoja alisoma, mmoja aliachia mamlaka, na angekosekana yeyote kati yao, wale mia nne wasingepata kitu. Haya, nyinyi mliokaa hapa mkitikisa vichwa: muhuri ungekuwa mkononi mwako, ungempa nani?