Bibi Somoe Aliyezima Moto Wake

Paukwa!
Pakawa!
Moto wa nani?
Wa jirani!
Na majivu?
Kila mtu na yake!

Hapo zamani za kale, katika kijiji ambacho jina lake halikuja na hadithi, palikuwa na bibi mmoja akiitwa Somoe. Nawasimulia kama nilivyosimuliwa na shangazi yangu. Yeye hakupenda chumvi ya kuongezwa, nami siongezi.

Bibi Somoe alikuwa na desturi moja. Kila jioni, akishapika na kula, alichota maji akauzima moto wake. Tsss! Asubuhi alishika kigae, kipande cha chungu kilichovunjika, akaenda kuomba moto. Leo nyumba hii, kesho nyumba ile. Akifika alisema:

"Hodi, wenye moto! Mimi sina, ninyi mnao. Nigawieni kaa la moto, niwaachie neno."

Akapewa kaa. Akaacha neno. Mara neno la dawa ya kikohozi, mara habari za mbuzi aliyepotea, mara mzaha tu. Kisha huyo, anarudi kwake, moshi unamfuata nyuma.

Watu walimcheka. "Bibi amesahau tena kuufukia moto," walisema. Maana moto ukiufukia kwa majivu hulala mpaka asubuhi. Hilo hata mtoto analijua.

Katika kijiji hichohicho alikuwako mhunzi, Chande. Baba yake, marehemu, alisifika mpaka ng'ambo ya mto kwa majembe yake. Ukiligonga jembe la mzee yule kwa ukucha, liliitika: ngeeeng!

Chande alifua visu. Alifua mashoka na ncha za mishale. Vitu hivyo alivitoa bila wasiwasi, watu wakamlipa nguo, chumvi na mikeka. Lakini jembe! Jembe lilikuwa kazi ya baba. Alilifua, akalitazama, akaliona limepinda. Akalinyoosha, akaliona jembamba. Mwishowe alisema, "Baba angelicheka hili," akaliingiza ndani, akalificha nyuma ya makasha.

Maana makasha alikuwa nayo. Kila alipojiona mdogo, alinunua kasha. Kasha likiingia ndani alijiona mkubwa, mpaka jioni. Asubuhi alikuwa mdogo tena, na kasha liko palepale. Nyumba ikajaa makasha, na mitungi, na sinia za shaba. Mwenyewe alilala nyuma kabisa, amejikunja kama paka, akiyalinda. Kutoka alipita kwa ubavu.

Na hakumtaka mtu. Uhunzi ni kazi ya wawili: mmoja huvukuta mivukuto, ile mifuko ya kupulizia moto, mwingine hugonga. Chande alifanya yote. Fuu-paa, fuu-paa, fuu-paa! Akaacha mivukuto, mbio kwenye fuawe, kile chuma cha kufulia juu yake. Nge! Nge! Chuma kimepoa. Arudi. Fuu-paa, fuu-paa, fuu-paa! Mbio. Nge! Nge! Kimepoa.

Jirani yake Nakoma, mtu mvivu mwenye mdomo mwepesi, alisimama akimtazama.

"Mdogo wangu, unafua chuma au unakimbizana nacho?"

"Niache, kaka. Naweza."

"Kuweza unaweza. Chuma ndicho hakiwezi."

Hata Bibi Somoe alifika kwake siku ya zamu yake. "Hodi, mwenye moto!" Chande alimpa kaa bila kumkaribisha. Siku moja akampa na gumegume, lile jiwe la kuwashia.

"Chukua, Bibi. Uwashe mwenyewe, usihangaike na milango ya watu."

Bibi Somoe akaligeuza jiwe, akalirudisha. "Ahsante, mwanangu. Lakini gumegume halinijulii hali."

Basi, majembe ya mzee marehemu yakalika. Yakalika mpaka yakawa kama pawa za kuchotea mchuzi. Kiangazi kikawa kinakwisha, mawingu yanajikusanya. Mkuu wa kijiji akamwita Chande mbele ya watu.

"Chande, tumekusubiri. Mvua ikishuka nasi hatuna majembe, tutamwita mhunzi wa ng'ambo ya mto. Fuawe ile ni ya kijiji. Baba yako aliishika kwa mkono wake. Nayo itakwenda kwa mkono unaotoa majembe."

Chande akaondoka. Alirudi kwake, akafanya kazi peke yake, akafanya mpaka mikono ikavimba. Akalala usingizi wa gogo. Alipoamka, jiko lilikuwa baridi. Moto wake, ambao haukuwahi kuzimika tangu baba yake afe, umezimika.

Akagonga gumegume. Ta! Ta! Mikono imevimba, cheche hazishiki. Akapekecha vijiti. Moshi kidogo, moto hakuna. Akaketi juu ya majivu. Kwenda kuomba? Mhunzi aombe moto?

"Hodi, mwenye moto!"

Bibi Somoe huyo mlangoni, kigae mkononi. Ilikuwa zamu ya nyumba ya Chande.

"Hakuna moto hapa, Bibi."

"Hakuna?"

"Umezimika."

Bibi Somoe akamtazama. Akayatazama majivu. "Aa. Basi leo tuko wawili. Okota kigae, twende."

"Watanicheka."

"Watakucheka. Twende."

Wakafika kwa Binti Ngulangwa, mjane mwenye ulimi mkali. Chande akajificha nyuma ya Bibi. Bibi akamfinya ubavuni.

"Ho... hodi, wenye moto. Mimi sina, ninyi mnao."

"Weee!" Binti Ngulangwa alipiga makofi akicheka. "Mhunzi anaomba moto! Leo samaki anaomba maji! Ingia, jirani, usisimame hapo kama mwizi mwenye haya."

Akamgawia kaa zuri, jekundu. Kisha akakaa akingoja. "Na neno je? Bibi huniachia neno."

Chande akatazama huku na huku. Akaona kisu cha mwenye nyumba kimelala kwenye ungo. "Kisu chako hicho ni butu," akasema. "Nipe, nitakuletea kikiwa kikali."

"Hilo nalo ni neno," akasema Binti Ngulangwa.

Njiani Chande akauliza, "Bibi, kweli huwa unasahau kuufukia moto?"

"Sisahau. Nauzima."

"Kwa nini?"

"Sikiliza. Mtu ambaye moto wake hauzimiki, akianguka ndani, nani atajua? Moshi utafuka tu. Tutasema, Chande yupo, anafua. Mimi nisipobisha hodi asubuhi moja, jua halitafika utosini kabla watu hawajaja kunitazama." Akalipuliza kaa lake. "Uzime wako jioni. Asubuhi shika kigae. Usibebe kingine."

"Mpaka lini?"

"Mpaka siku utakayoacha kuniuliza mpaka lini."

Chande akauzima. Tsss! Asubuhi, hodi, wenye moto! Jioni, tsss! Asubuhi, hodi! Mwanzo aliomba akitazama chini. Kisha akaomba akitazama watu. Akajua nani anaumwa mgongo, nani ana shoka lililolegea mpini. Siku moja alipokuwa kwa Nakoma akasema, na neno lilimtoka kwa shida kama mwiba, "Kaka, njoo univukutie."

"Kazi yenyewe ni ya kukaa?"

"Ya kukaa."

"Kukaa nimesomea," akasema Nakoma, akaja.

Fuu-paa, fuu-paa! Nge! Nge! Nge! Chuma chekundu. Fuu-paa! Nge! Nge! Chekundu bado! Chande akacheka peke yake. Makasha akaacha kununua. Jioni alikuwa na hadithi za kutosha, hakuona pengo la kulijaza.

Lakini jembe hakulitoa. Mambo ya moyoni huchelewa. Alilifua vizuri, akalitazama, akaisikia sauti ya baba yake ikicheka, akaliingiza ndani. Nakoma aliuliza. Chande akajibu, "Bado."

Na mawingu yakashuka.

Asubuhi moja Binti Ngulangwa alikaa akingoja zamu yake. Kaa alikwisha kulitenga. Hodi haikuja. Akamwuliza jirani wa kulia: hajafika. Wa kushoto: hajafika. Akatoka uani akapaza sauti, "Jamani! Chande hakuomba moto leo!"

Watu wakaja mbio, Bibi Somoe nyuma akijikokota na fimbo. Wakaita. Kutoka nyuma ya makasha ikaja sauti ndogo. Homa ilikuwa imemkamata, hawezi kunyanyuka, na upenyo ule haupitishi mtu anayembeba mwenzake.

"Toeni makasha!" akasema Bibi Somoe.

Wakayatoa. Moja, lingine, lingine. Mara mvua ikaanza. Pa! Pa! Papapapa!

"Makasha ya watu yatalowa!" akalia Binti Ngulangwa.

Sauti ya Chande ikatoka ndani. "Yaacheni yalowe. Nipeni maji ya kunywa."

Wakaondoa kasha la mwisho. Chande huyo, amelala. Na kando yake, ukutani, chungu nzima: majembe! Majembe juu ya majembe.

Watu wakasogea karibu. Mkuu wa kijiji naye akainama kuyatazama.

"Hayo mabovu," Chande akasema, uso ukutani. "Msiyaguse."

Nakoma akaligonga moja kwa ukucha. Ngeeeng! Akagonga jingine. Ngeeeng! "Mdogo wangu," akasema, "mimi ndiye niliyevukuta haya. Ukiyatukana haya unanitukana mimi."

Bibi Somoe alichukua jembe moja, akaligongomea kwenye mpini wa zamani, akatoka nalo mvuani. Chwa! Chwa! Chwa! Udongo ukafunguka. Akarudi amelowa, matope magotini.

"Nimeiuliza ardhi," akasema. "Haikulalamika."

Chande akageuka. Akalitazama jembe lenye udongo. Hakuwahi kuliona jembe lake likiwa na udongo. Akaugusa udongo ule kwa kidole, kisha akasema, "Wagawieni."

Siku ile kijiji kililima kwenye mvua. Fuawe haikuvuka mto.

Makasha hayakurudi ndani. Moja likawa kiti cha Nakoma pale kwenye mivukuto. Moja Binti Ngulangwa akawekea mbegu. Mengine wakayachukua waliokuwa na kitu cha kutia. Chande alipopona alinyoosha miguu nyumbani kwake. Jioni ileile aliuzima moto. Tsss! Na mpaka lini? Hakuuliza.

Bibi Somoe akazeeka sana. Asubuhi moja hakubisha hodi popote. Jua halijafika utosini, kijiji kizima kiko uani kwake. Walimkuta amelala kwa utulivu, jiko limezimwa, kigae kimewekwa tayari karibu na mlango. Waliomchimbia kaburi walichimba kwa jembe la Chande. Liliitika vizuri.

Kigae akakichukua Chande. Kutoka kwa Chande kikaenda kwa watoto wake, na kutoka kwa watoto wake kikaja jikoni kwa shangazi yangu, na huko ndiko nilikokiona, kimeungua ukingo mmoja.

Basi, mliosikia, shikeni: chuma cha mtu mmoja hupoa njiani. Kazi ya mkono wako mpe mwenye shamba, usiihukumu gizani. Na mali isikae kati yako na mlango.

Moto wa nani?
Wa jirani!

Hadithi yangu imeishia hapo, nami nimeuzima moto wake. Tsss! Mwenye moto, asubuhi anifungulie mlango.