Kisu cha Mbuzi wa Wakwe

Wapendwa, kabla hatujafungua Neno, nipeni dakika chache niwaambie habari ya ndugu wawili waliokosana kwa sababu ya firigisi. Naona akina mama wameanza kucheka. Chekeni tu, tutafika.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, mwenye wavulana wawili na binti wa mwisho. Mumewe alipofariki, yule mwana mkubwa alishika nyumba. Akalima, akamsomesha dada yake, akaezeka upya paa lililokuwa linavuja. Na nyumbani kwao, kama nyumbani kwenu, kuku akipikwa firigisi ni ya mwenye nyumba, na mbuzi wa shughuli anachinjwa na mwenye nyumba. Kaka mkubwa hakuwa na mengi, ila hayo mawili yalikuwa yake na yalimtosha.

Mdogo wake akaingia jeshini, hata ndevu hazijamtoka vizuri. Vita vikazuka mpakani, akapelekwa. Vilipokwisha akarudi mzima, mikono yote na miguu yote, na mtaa ukatoka kumpokea kwa vigelegele. Mama yao, ambaye miaka yote aliitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, wiki ile ile watu wakaanza kumwita Mama Mwanajeshi. Naye akaitika.

Hebu jiweke mahali pa huyo wa kwanza. Unarudi shamba, jembe begani, unasikia mama yako anaitwa kwa jina la mtoto mwingine, na anaitika huku anatabasamu. Wewe ungelala usingizi?

Jioni kuku akapikwa. Firigisi ikapita mbele ya kaka mkubwa, ikatua kwenye sahani ya mdogo. Na yule mdogo akaisogeza pembeni, akala ugali na mchicha. Kaka akaitazama ile firigisi inapoa, roho ikamuuma. Akawaza, huyu anaringa, amezoea vya jeshini, vyetu vinamtia kinyaa. Siku nyingine akamwona ananawa mikono, anamaliza, anaanza tena. Akawaza, ona maringo. Vijana wakimzunguka wakimuuliza, "Kaka, uliangusha wangapi?" naye ananyamaza, kaka mkubwa akawaza, anajifanya mtu mzito. Kila alichokiona, wivu ulimfafanulia, na ulimfafanulia vibaya.

Ikafika siku wakwe wanaleta mahari ya binti. Mbuzi amefungwa miguu, amelazwa uani juu ya majani ya mgomba. Kaka mkubwa amenoa kisu tangu asubuhi, amevaa shati lake zuri. Anakuja nacho, baba yao mkubwa anamzuia kwa upole.

"Wewe umechinja sana, mwanangu. Leo mwachie mdogo wako, wakwe wamwone mwanajeshi wetu. Mkono wake umezoea."

Watu wakapiga makofi. Kaka akamkabidhi mdogo wake kisu, kwa sababu angefanya nini mbele ya wakwe?

Mdogo akapiga goti, akamshika mbuzi taya. Mbuzi akalia. Kijana akabaki vile vile, jasho linamtiririka, mkono unamtetemeka. Mwishowe akakiweka kisu chini, akainuka, akaenda nyuma ya jiko kutapika.

Kaka mkubwa alifurahi. Sitawaficha, alifurahi mpaka akaona aibu, halafu aibu yenyewe ikaisha. Akaokota kisu, akamfuata.

"Huyo ndiye shujaa wao? Firigisi huitaki, mbuzi humwezi, jina la mama umelichukua. Umerudi kufanya nini hapa?"

Mdogo akafuta mdomo. "Kaka, mimi nakuonea wivu wewe."

"Mimi? Kwa lipi?"

"Wewe ukichinja mbuzi, unaona mbuzi. Mimi nikimshika namwona kijana mmoja, rika langu, ananiomba kwa lugha nisiyoijua. Siku ile mkono wangu haukutetemeka, kaka. Umeanza kutetemeka nilipofika nyumbani." Akamtazama kaka yake usoni. "Sasa nakuomba, weka hicho kisu chini."

"Kwa nini?"

"Hayo macho nayajua. Sisi tulifundishwa kambini miezi mingi mpaka tukaweza kumwangalia mtu hivyo. Wewe umeyapata hapa hapa, kwa mama."

Kaka akainama kuutazama mkono wake. Alikuwa amekikamata kisu kwa nguvu zote, na ncha yake ilikuwa imeelekea tumboni kwa mdogo wake.

Ndugu zangu, sisi tukiona habari za vita tunatikisa vichwa, tunasema wale ni wanyama. Wanyama gani? Ni watoto wa watu, wengine wameimba kwaya kama hii iliyoimba sasa hivi. Tunawapeleka, na wakirudi tunawauliza wameua wangapi, tunataka hadithi ya kunogesha chai. Tunaupigia makofi mkono ambao mwenyewe anauosha kila siku na anaona hautakati. Hilo inatupasa tulitubu.

Lakini usiondoke hapa unawahurumia wanajeshi, ukadhani wewe umepona. Yule kaka hakuvaa gwanda. Hakushika bunduki. Alikuwa mkulima mwema, pengine mzee wa kanisa, anakaa hapo mbele. Nani alimfundisha? Alijifundisha mwenyewe, mezani, kila jioni, akimtazama ndugu yake. Na sisi tunamtazama nani? Jirani aliyepaua kabla yetu? Dada aliyepewa kuongoza wimbo uliokuwa wetu? Mke wa shemeji yako ambaye mama mkwe anamsifia mchuzi? Tunasema tumekasirika kidogo tu. Hatujui mkono umefika wapi.

Yule kaka alikiacha kisu kikaanguka, akakaa chini palepale na mdogo wake, wakalia. Mbuzi alichinjwa na mpishi, na wakwe walikula. Yeye alipona kwa sababu mbele yake alisimama mtu aliyekuwa anayajua yale macho. Wewe huenda usimpate wa kukuambia.

Kwa hiyo nakuambia mimi. Leo mchana mtakwenda kula. Firigisi ikipita mbele yako, ikatua kwenye sahani ya mwingine, usimtazame yeye. Tazama kwanza mkono wako umeshika nini.