Msitu Ulioungua Mara Moja

Mtu mmoja aitwaye Mihambo alikuwa na nusu ya msitu. Nusu nyingine ilikuwa ya mdogo wake, Lugendo, na mpaka wao ulikuwa njia nyembamba ya miguu iliyokatwa na baba yao kabla hajafa. Wote wawili walikuwa warina asali. Mizinga yao ilining'inia mitini, na kwa mizinga hiyo walikula, walivaa na kuwasomesha watoto wao. Nje ya msitu ule Mihambo hakuwa na kitu.

Desturi waliyoachiwa ilikuwa hii: mvua zikikatika tu, majani yakiwa bado mabichi mabichi, kila mmoja huwasha moto upande wake. Moto wa namna hiyo hauna makuu. Hutambaa chini, hulamba yaliyokauka, na umande wa usiku huuzima. Lakini ni kazi ya moshi na macho kuwasha, na mpita njia hukutazama kama mharibifu. Mihambo hakuipenda. Mwaka mmoja aliwasha, mwaka wa pili akasingizia mgongo, mwisho akaacha kabisa.

Baada ya miaka kadhaa mama mmoja, mtaalamu wa misitu, akaja kijijini na ramani. Alieleza kwamba setilaiti huzunguka huko juu zikipiga picha za nchi yote, na kwamba yeye na wenzake walizilinganisha picha za miaka hiyo ili wajue kila mahali pameungua mara ngapi. Palipoungua mara moja pametiwa manjano, palipoungua mara nyingi ni pekundu, na pasipoungua pameachwa peupe. Akasema, tena akarudia, kwamba ramani inahesabu mara tu. Haisemi moto ulikuwa mkali kiasi gani. Nani alisikia? Watu walikwisha kuona rangi. Upande wa Lugendo ulikuwa mwekundu kama kidonda, wa Mihambo mweupe kama kanzu ya sikukuu. Wakampa Mihambo mkono wa pongezi, wakamwita mlinzi wa msitu, na Lugendo akaondoka mkutanoni kichwa chini.

Mihambo alichanganyikiwa. Alijua fika kwamba kilichouacha upande wake mweupe ni uvivu. Lakini sifa ni tamu, msimcheke. Walimvika kilemba cha ukoka, naye akakikaza vizuri kichwani. Tangu siku hiyo akapiga marufuku moto wowote kwake, hata ule mdogo wa kusafisha kuzunguka nyumba. Majani yakafika kiunoni, yakafika kifuani, mpaka mzinga uliokuwa karibu na nyumba aliufikia kwa kufyeka. Mara nyingine alisimama mpakani akatazama kwa mdogo wake, kule kwekundu. Miti imesimama, nyuki wanavuma. Akajiuliza wekundu wenyewe uko wapi, asiuone, akarudi nyumbani.

Kiangazi kimoja mkewe, Nyamizi, alirudi kutoka kuteka maji, nguo imejaa mbegu za majani makavu. Akatua ndoo, akasema, "Baba Nshoma, majani haya tunamwekea nani?"

Swali lilikuwa la haki, na kwa kuwa lilikuwa la haki, Mihambo alikasirika. Ndivyo tulivyo.

Mwaka huo huo, upepo ukivuma na mvua zikiwa bado mbali, moto ulikuja. Ulitoka wapi, hakuna ajuaye mpaka leo: pengine kaa la msafiri, pengine radi kavu. Safari hii moto haukutambaa. Ulipanda miti. Mizinga ilipasuka huko juu, asali ikashuka ikiwaka, na paa la nyumba likaenda kabla Nyamizi hajatoa hata kitanda. Wakakimbia na watoto, moto nyuma yao, wakavuka ile njia ya baba yao, wakaanguka kwa Lugendo. Moto nao ukafika mpakani, ukakuta majani mafupi yaliyokwisha kulambwa mapema, ukakosa chakula, ukafa. Lugendo aliwaletea maji ya kunywa.

Mvua ziliponyesha, yule mama alirudi na ramani mpya. Mihambo aliinama juu yake muda mrefu. Upande wa Lugendo ulikuwa umezidi kuwa mwekundu. Upande wake yeye ulikuwa na manjano hafifu. Akaigeuza karatasi juu chini, akidhani ameishika vibaya. Akaomba aonyeshwe mizinga yake imeandikwa wapi, na nyumba. Mama yule, kwa huruma, alimweleza yale yale ya siku ya kwanza, na Mihambo akakumbuka kwamba aliyasikia. Alitafuta kosa lake kwenye ramani kwa kidole, kona hadi kona, asilipate. Katika kijiji kizima hakuna aliyeungua mara chache kama yeye, na ni yeye aliyekuwa akilala kwenye nyumba ya ndugu yake.

Wapendwa, ramani haikudanganya. Basi ninyi mnaojisifu kwamba katika ndoa zenu hakujawahi kusikika hata ugomvi mdogo, nawauliza: mna amani, au mna majani yanayokauka?