Ruhusa Moja kwa Wakamwana Watatu

Haya, sogeeni. Aliyechoka akae, na ambaye hajachoka akae vilevile, maana hadithi hii itamchosha. Haina mfalme ndani yake, wala zimwi, wala sungura. Ina wanawake watatu, mama mkwe mmoja mwenye mguu mbovu, na bustani ya mboga. Mtoto anayetaka kusinzia na asinzie, ila mwishoni nitamwamsha ajibu swali kama wengine.

Huko nyanda za juu, kwenye baridi ya kukufanya uote moto mpaka saa nne asubuhi, aliishi Bibi Alfonsina. Wanawe watatu walikuwa wakipasua mbao kwenye misitu ya mbali, na nyumbani walionekana Pasaka na Krismasi tu. Waliobaki ni wake zao watatu, watoto watano, na Bibi mwenyewe. Midomo tisa, kila siku ya Mungu.

Mkamwana wa kwanza, Leokadia, alijaliwa jicho. Akiitazama mbegu kiganjani alijua itaota au itaoza. Akilitazama anga alijua kesho mtavaa nini.

Wa pili, Kresensia, alijaliwa mgongo. Akiinama na jembe asubuhi, anainuka mchana, kazi ya wanaume wawili imeisha, na anauliza kama kuna nyingine.

Wa tatu, Ludovika, ndiye mdogo wao. Huyu alijaliwa... hapa watu hukohoa kidogo, hawajui waseme nini. Alijaliwa kutosahau. Alijua chumvi imebaki kiasi gani, mtoto yupi anakohoa, kuni zipi bado mbichi, na kama Bibi amekunywa dawa ya mguu au ameitupa nje ya dirisha. Mtasema, ah, hicho nacho ni kipaji? Ndicho alichopewa, jamani. Mimi sikuwepo vikigawiwa.

Miaka yote walikwenda kwa zamu: siku mbili mmoja jikoni, siku mbili mwingine, na wawili waliobaki wanashuka kwenye kinyungu. Kwa msiojua, kinyungu ni bustani ya bondeni. Mvua zikikatika na mashamba ya mlimani yakikauka, bondeni unyevu unabaki, na huko ndiko watu wanalima mboga kiangazi chote.

Mwaka huo, Jumapili moja ya Aprili baada ya ibada, Bibi aliwaita wote watatu karibu na moto.

"Zamu nimezifuta," alisema. "Mwaka jana mmoja alipanda vizuri, mwenzake akaja siku ya pili akang'oa miche akidhani ni majani. Mwaka huu kila mtu afanye alichojaliwa. Leokadia, mbegu na kitalu. Kresensia, jembe na maji. Ludovika, nyumba."

"Nyumba yote, Mama?" Ludovika aliuliza.

"Kwani nyumba ina ukubwa gani? Vyumba vinne na jiko."

Leokadia akacheka. Ludovika naye akacheka, kwa adabu tu. Maskini, wakati huo hakujua.

"Na kinyungu kikitoka salama," Bibi aliendelea, "mmoja wenu atakwenda kwao Novemba nzima. Mwezi mzima, hakuna wa kumtuma. Mmoja tu, maana mvua zikianza kuna mahindi ya kupanda na nitataka mikono. Atakwenda yule ambaye bila yeye tusingevuna. Na msiniletee shida za kwenu. Kila mtu ana kwao, na kila kwao kuna shida. Nileteeni kazi."

Ludovika aliposikia "Novemba nzima" moyo ulimruka. Kwao kulikuwa mbali, safari ya siku mbili za basi, na hakuwa amekanyaga kule kwa miaka minne. Mama yake alikuwa anapofuka. Dada yake alimpigia simu wiki ile ile: "Mama sasa anaona kwa jicho moja, tena mpaka umsogelee. Daktari amesema mwaka ujao hata hilo halitakuwepo. Anasema anataka kumwona wajina wake." Wajina huyo ni binti ya Ludovika, Anjelika, wa miaka miwili, aliyepewa jina la bibi yake na hajawahi kupakatwa naye. Ludovika aliyatafakari haya yote, akayameza, kwa kuwa shida za kwao zilikuwa zimekatazwa. Akaenda kuchota maji.

Basi msimu ukaanza.

Leokadia alisia mbegu za kabichi, chainizi na vitunguu. Mwezi Mei miche ilivamiwa na sota, wale funza wanaokata shina usiku na kujificha udongoni mchana. Leokadia aliamka kabla ya jua, akachakura udongo kwa kidole, mche baada ya mche, akiwatoa mmoja mmoja, kisha akanyunyiza majivu kuzunguka kila shina. Siku kumi na tisa alifanya hivyo, magoti yamelowa. Kitalu kikapona.

Kresensia aliinua matuta arobaini. Mwezi Juni ng'ombe wa watu wa juu walikanyaga mfereji unaoleta maji kutoka kwenye chemchemi, ukabomoka, maji yakapotelea kwenye matete. Kresensia aliingia kwenye matope yale ya baridi, yakamfika mapajani, akachimba upya siku nne peke yake. Alirudi kila jioni miguu haina rangi. Maji yakarudi.

Ludovika alipika. Aliosha vyombo, akapika tena. Alikata kuni, alichota maji mara sita kwa siku, alifua, aliwaogesha watoto watano na kuwakimbiza wakubwa shule, alimkanda Bibi mguu asubuhi na jioni. Majivu ya Leokadia yalitoka jikoni kwake, ameyachekecha yeye mwenyewe. Uji wa Kresensia aliupeleka bondeni kwenye chupa, Anjelika mgongoni. Kesho yake alianza upya, maana sahani iliyooshwa jana leo ni chafu, na mtoto aliyeshiba jana leo ana njaa. Matuta arobaini ya Kresensia yalikuwepo, ungeweza kwenda kuyahesabu. Ya Ludovika ungehesabu nini? Alikuwa amechoka mpaka alisinzia amesimama, mwiko mkononi.

Ikaja Julai na sakitu, ile baridi inayoganda juu ya majani na kuyaunguza. Siku moja, saa kumi jioni, Leokadia alitazama anga limetakata, upepo umekufa kabisa, akasema, "Leo inashuka. Tufunike sasa hivi." Majirani wakamcheka. Kresensia akachukua mundu, akafyeka nyasi kilima kizima, wakafunika tuta baada ya tuta mpaka giza likaingia. Waliporudi vidole vyao havikunjiki. Walikuta beseni la maji ya moto, ugali, maharage, na watoto wote wameshaoga na kulala. Walikula, wakaenda kulala. Asubuhi bustani za majirani zilikuwa nyeusi tii, na kinyungu cha Bibi Alfonsina peke yake kilikuwa kijani.

Agosti, Ludovika akaanguka. Homa. Alilala siku mbili bila kujua asubuhi wala jioni. Siku hizo mbili wale wawili walipanda kutoka bondeni kuja kushika nyumba. Ugali ukaungua, watoto wawili walirudishwa nyumbani kutoka shule kwa uchafu, Bibi akakosa kukandwa mguu akaamka hawezi kusimama, na kule chini chainizi mistari miwili ikanyauka kwa kukosa maji. Siku ya tatu Ludovika aliinuka, akajishika ukutani, akawasha moto. Kila mtu akarudi kwenye kazi yake. 

Mwisho wa Oktoba walivuna. Kabichi zilikuwa kubwa hivi, za kukumbatia. Lori la mboga liliondoka pale limejaa mpaka juu, na za kula nyumbani zikabaki tele. Jioni hiyo Bibi aliwaita tena karibu na moto.

"Niliahidi, natimiza," alisema. "Basi linapita kesho asubuhi. Semeni."

"Mama," Leokadia alianza, "bila jicho langu miche ingeliwa na sota. Na bila jicho langu, tungeamka na kukuta kabichi nyeusi kama za majirani."

"Jicho lako lingefunika kabichi?" Kresensia akamdaka. "Nani alifyeka zile nyasi? Nani alirudisha maji? Miche yako, dada, ingekaukia kwenye matuta, tena matuta yenyewe yasingekuwepo."

"Na wewe ungepanda nini humo? Mawe?"

"Haya, basi," Bibi akasema. "Ludovika?"

Ludovika alikuwa amempakata Anjelika. Alitaka kusema mengi, lakini uchovu ulikuwa umemkaa mpaka kwenye ulimi.

"Mimi sina tuta la kuonyesha, Mama. Nilichokifanya mmeshakila."

 Kisha Leokadia, ambaye kwa kweli hakuwa mtu mbaya, akasema taratibu, "Tusiwe waongo. Zile siku mbili alizolala, mimi nilitamani kulia."

"Hata mimi," Kresensia akakiri. "Kuchimba mfereji kulikuwa afadhali."

Bibi akawatazama wote. "Kwa hiyo mnasema ni Ludovika?"

Ludovika akainua uso. Aliliona basi, akaiona njia ya kwao, akamwona mama yake amekaa mlangoni amenyoosha mikono.

"Sikatai," Kresensia akasema. "Ila, Mama, tuulizane. Siku mbili tu nyumba ilitushinda. Akiondoka mwezi mzima, na mvua zinaanza, na mahindi yanataka kupandwa, itakuwaje?"

Bibi akapapasa mguu wake. "Hata mimi nilikuwa nawaza hilo hilo."

"Jamani," Ludovika akasema. "Kwa hiyo kama kazi yangu ni ndogo, sistahili kwenda. Na kama ni kubwa, haiwezekani niende. Sasa mimi nitakwenda lini?"

 Ndipo Ludovika akavunja katazo. Akawaambia habari za mama yake, jicho moja lililobaki, na wajina anayesubiriwa. Alilia, wala hakujificha.

Leokadia akafuta macho yake. Kisha naye akasema ana miaka sita hajaenda kwao, na kaka yake aliyegombana naye anataka wapatane. Kresensia akasema baba yake alizikwa Februari, kabla zamu hazijafutwa, hakukuwa na mtu wa kumshikia yake, na mpaka leo kaburi hajaliona.

"Mnaona?" Bibi akasema. "Ndiyo maana nilikataza. Sasa nifanyeje? Nikilipa jicho, nimeudhulumu mgongo. Nikiulipa mgongo, nimelidhulumu jicho. Nikimpa huyu mdogo, tutalala njaa na mahindi hayatapandwa. Nikimnyima, nitawezaje kupokea sahani mkononi mwake?"

Hapo hapo harufu ikaingia: maharage yalikuwa yanaungua jikoni. Wote wanne waliisikia. Watatu wakageuka kumtazama Ludovika. Akamweka mtoto chini, akainuka, akaenda kuepua.

Mimi naishia hapo, kwa kuwa Bibi Alfonsina alisema atatoa jibu asubuhi kabla ya basi, na mimi niliposimuliwa hadithi hii, mtu aliyenisimulia aliishia hapo hapo, akaniachia mzigo. Sasa nawaachia ninyi. Mwamsheni yule mtoto.

Ahadi ilikuwa ya yule ambaye bila yeye wasingevuna. Leokadia aliiokoa miche na kuiona sakitu. Kresensia aliinua matuta na kurudisha maji. Ludovika aliwabeba wote wawili, na watoto watano, na mguu wa bibi. Ruhusa ni moja. Ukimpa Leokadia, mwangalie Kresensia usoni umwambie kaburi la baba yake lisubiri. Ukimpa Kresensia, mwambie Leokadia na kaka yake waendelee kununiana. Ukimpa Ludovika, funga kitambaa kichwani, uingie jikoni wewe, Novemba nzima. Na ukimnyima, simu hii hapa: mpigie mama yake wewe mwenyewe, umweleze kwa nini wajina wake haji.

Haya, wewe ungeamua vipi?