Bi Ngiri Aliyeingia Nyumbani Kinyumenyume

Mwaka ule mvua za vuli hazikunyesha, na za masika zikachelewa. Nyasi ziligeuka kama ufagio mkuukuu, na wanyama wa bondeni wakaishi kwa mizizi.

Miongoni mwao alikuwamo Bi Ngiri, mama wa makamo, si kijana wala si mkongwe. Mumewe alikuwa amefariki kiangazi kilipoanza. Wanawe walikuwa wamekua na kwenda kujitegemea, na mojawapo ya meno yake mawili marefu lilikuwa limevunjika. Alikuwa na shimo zuri chini ya kichuguu. Lakini mwenzi akiondoka, hata shimo jembamba huwa pana.

Mchana alipiga magoti akichimba, kama ilivyo desturi ya ngiri, akamshukuru Mungu kwa kila mzizi. Jioni ndipo moyo ulipoanza kwenda mbio. Mvua isiponyesha je? Na jino la pili likivunjika? Nikiugua, nani atanijulia hali? Kisha aliingia shimoni kinyumenyume, mkia kwanza, uso na jino vikielekea mlangoni. Ngiri wote huingia hivyo tangu zama.

Fisi alimsikia akilalamika. Tumbo la Fisi halijui Ijumaa wala Jumapili. Aliwahi kuingiza pua kwenye mlango ule, akachomwa jino, na kovu alikuwa nalo bado.

"Hodi, dada!" akaita kwa mbali asubuhi moja. "Pole na upweke."

"Nimeshapoa, Bwana Fisi. Sema lililokuleta."

"Huruma tu. Unajua kwa nini hulali? Usiku kucha umeukodolea macho mlango! Umri wetu huu unataka mabadiliko. Vijana wa siku hizi wanaingia kichwa kwanza, wanaipa dunia mgongo, wanakoroma mpaka asubuhi."

"Na mlango unalindwa na nani?"

"Mimi jirani yako ni wa nini?"

Bi Ngiri alikuwa amechoka na hofu. Akasema atajaribu jioni ile ile.

Alasiri Sungura akapita, akamkuta anajizoeza, kichwa ndani, mkia nje.

"Shangazi, umepoteza nini humo?"

"Usingizi," akajibu, akamweleza yote.

Sungura alicheka mpaka masikio yakagongana. "Anayekushauri umgeuzie mkia, mtazame meno kwanza!"

"Lakini hofu inanimaliza, mwanangu."

"Basi iweke mlangoni, ndiko iliko kazi yake. Usiilaze kitandani. Mzee hayupo, jino limevunjika, na hayo umeyapokea. Lakini Fisi, Shangazi, Fisi hajabadilika hata kidogo."

Bi Ngiri akajitoa shimoni. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akatabasamu. "Niitie huyo mlinzi wangu," akasema.

Fisi akaja mbio, mate yakimdondoka.

"Kaka, mimi mtu mzima, mambo mapya yananishinda," Bi Ngiri akasema kwa upole. "Nionyeshe wewe."

Fisi akasita, akajipapasa kovu la puani.

"Usimsumbue, Shangazi," Sungura akadakia. "Na ule mfupa wa nyati uliomo ndani, nitamwita Mbweha aje autoe."

Fisi hakungoja zaidi. Alijitosa kichwa kwanza. Mabega yakapita, tumbo likakwama.

"Mfupa uko wapi?" sauti ikatoka chini.

"Songa mbele, Bwana!"

"Siwezi! Wala nyuma siwezi!"

"Si umeipa dunia mgongo?" Bi Ngiri akauliza. "Usingizi bado haujaja?"

Akarudi nyuma kidogo, akainamisha kichwa, akamchoma kwa lile jino moja lililobaki. Fisi aliruka, udongo ukabomoka, naye akachomoka kinyumenyume, wa kwanza katika ukoo wake. Hakuonekana tena bondeni.

Jioni Bi Ngiri akaingia nyumbani kwake, mkia kwanza. Akatazama mlango, akatazama na upande aliokuwa akilala mumewe. "Ee Mungu," akasema, "kesho ni yako. Mlango ni wangu." Akalala fofofo.

Asubuhi akaenda kuchimba ng'ambo ya bonde, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga bila mumewe, akakuta mizizi minono. Mvua nayo ilikuja siku iliyopenda yenyewe.

Usiache mbachao kwa msala upitao.