Kijibwa Asiyefika Goti

"Jibwa hulala kwa masikio ya kijibwa." Mmemsikia babu yenu akisema hivyo asubuhi, mkacheka, sasa mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Kaeni niwaeleze, ila mikono isikae bure. Kunde hizi hazijimenyi zenyewe. Chanzo cha methali hii ni hiki.

Chini ya milima ya Upare, pale msitu unapoishia na mashamba yanapoanzia, aliishi mwanamke aitwaye Namkunda. Mumewe alikuwa akikata mkonge mbali na alirudi mara moja tu kwa mwaka. Namkunda alibaki na watoto watatu, shamba la mahindi na mbwa wawili. Shamba lenyewe lilikuwa la juu kabisa, limegusana na msitu. Nyani waliposhuka, walianza kwake. Mahindi yale yakiliwa, watoto hawana akiba nyingine mpaka mavuno ya mwaka wa pili.

Mbwa wa kwanza aliitwa Rungu. Alikuwa jibwa hasa, kichwa kizito, kifua kipana. Hata nyani dume akimwona alirudi alikotoka. Wa pili alikuwa kijibwa wa rangi ya majivu, miguu mifupi, tumbo karibu liguse umande. Aliitwa Nyamaza, kwa sababu ndilo neno alilolisikia zaidi tangu azaliwe. Wawili hao hawakuachana. Walikula sahani moja, na Rungu alingoja mdogo ashibe kwanza, jambo ambalo mimi hata kwa watu silioni sana.

Mahindi yalipobeba, watu wa mashamba ya juu waliamia, yaani walilinda mashamba, kwa zamu ili nyani wasiyamalize. Mtu mmoja alipanda kwenye dungu, kile kibanda cha nguzo ndefu, na mbwa walilinda chini. Kila shamba lilikuwa na mbwa wake, na mwenye zamu ya kupika aliwapelekea chakula wote. Sheria ilikuwa moja: mbwa asiyefika goti la mtu mzima si mlinzi, na chakula cha walinzi si chake. Aliyepima alikuwa Senkondo, shemeji yake Namkunda. Miaka iliyopita Nyamaza alipita tu nyuma ya Rungu na watu wakafumba macho. Mwaka huo chakula kilikuwa haba, macho yakafumbuka.

"Shemeji," alisema Senkondo, "huyu wako anakula ugali wa watu kwa kazi gani? Mjusi akipita, anabweka. Jani likianguka, anabweka. Mwenzake amelala, yeye anatupigia kelele."

"Wamezoeana," alisema Namkunda.

"Na wazoeane nyumbani."

Namkunda alikuwa ameamka kabla ya jogoo, amechota maji, amepalilia, amepika, na bado kuni zilikuwa zinamngoja. Mtu aliyechoka hivyo hukubali mambo ili tu aachwe. Akamfunga Nyamaza kwa kamba kwenye nguzo ya jiko, akampeleka Rungu shambani peke yake.

Siku ya kwanza Rungu alizunguka shamba lote. Bua likitikisika, alikwenda kutazama. Ndege akiruka, alikwenda kutazama. Alipolala chini, kichwa hakikugusa ardhi. Senkondo alifurahi akasema, "Mnaona? Sasa analinda." Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu Rungu hakula. Alisimama juu ya sahani, akatazama nyuma yake, akaondoka. Macho yalikuwa mekundu na miguu ya nyuma inayumba. Kule nyumbani Nyamaza alikuwa ametafuna nusu ya kamba, akafungwa nyingine.

Siku ya nne, jua la saa sita, Namkunda alipanda na chakula. Zamu ya kupika ilikuwa yake. Kutoka mbali aliona mabua ya juu yanatikisika na upepo haupo. Kundi zima la nyani lilikuwa ndani ya shamba lake, wanavunja, wanauma mara moja na kutupa. Rungu alikuwa amelala katikati yao kama gogo, na mtoto wa nyani alimruka mgongoni akipita. Juu ya dungu Senkondo naye alikuwa anakoroma.

Namkunda alitupa chungu cha ugali, akaokota mawe. Rungu aliamka amechelewa, akajitupa mbele bila kuona vizuri, na nyani dume akamchana bega kabla ya kukimbia. Theluthi ya shamba ilikuwa chini.

Senkondo aliteremka akijifuta mate mdomoni. "Mbwa wako amezeeka, shemeji."

"Hajazeeka. Hajalala siku nne."

"Mbwa gani wa kulinda analala?"

"Huyu. Miaka yote analala, na wewe ndiye uliyesema. Mwingine alikuwa macho kwa ajili yake, nasi tumemfunga jikoni. Nimemfunga kwa mikono yangu."

"Basi nikamwambie nani kwamba kijibwa ndiye mlinzi? Hata goti hafiki."

"Mpime masikio."

Senkondo alitazama mahindi yaliyolala, kisha akateremka mwenyewe hadi nyumbani kwa Namkunda, akamfungua Nyamaza, akambeba kwapani mpaka juu.

Nyamaza alinusa lile bega, akalilamba, kisha akajibana kwenye kifua cha Rungu, uso akiuelekeza msituni. Rungu alishusha pumzi ndefu, akaweka kichwa chini. Alilala usingizi ambao hata inzi hawakumtoa.

Kesho yake nyani walirudi, maana nyani hasahau mahali aliposhiba. Senkondo alikuwa kwenye dungu na safari hii alikuwa macho. Anasema hakuona kitu wala kusikia kitu. Nyamaza aliinuka, manyoya yakasimama, akabweka mara mbili. Kabla hajabweka ya tatu Rungu alikuwa ameshafika ukingoni mwa msitu, na bega lake bovu hivyo hivyo, na dume la jana lilikuwa linapanda mti.

Msidhani mambo yalikwenda vizuri baada ya hapo. Theluthi iliyopotea haikurudi. Namkunda na wanawe walikula mihogo miezi mitatu, na msiniulize kama walishiba. Lakini theluthi mbili zilifika ghalani, na watoto wote watatu walifika mwaka wa pili.

Msimu uliofuata watu walipanga mbwa ili Senkondo awapime. Kijana mmoja alimwona Nyamaza kwenye mstari, akacheka, "Mjomba, na huyu je? Jibwa linalala, kijibwa ndicho mnachokipa sahani?"

Senkondo aliweka sahani mbili chini. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alisema machache, na ndiyo hayo mliyoyasikia kwa babu yenu:

"Jibwa hulala kwa masikio ya kijibwa."