Njuga Arobaini za Tapkigen

Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogezeni kuni, na mwenye usingizi amfinye jirani yake.

Hapo zamani za kale, punda alipokuwa bado anajibu akisalimiwa, palikuwa na msichana wa milimani jina lake Tapkigen. Miguu, Mungu alimpa. Subira, alimwachia aitafute mwenyewe.

Nchi ile ilikuwa na desturi mbili. Kila siku ya tano palikuwa na gulio, na kila gulio vijana walishindana kuzunguka zizi mara tatu. Mshindi alifungwa njuga moja mguuni. Lakini mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, zilikuja Mbio za Chumvi: kuteremka bondeni hadi ziwani, kuchukua bonge la chumvi, na kupanda nalo mlima hadi kisimani. Ukoo wa mshindi ulinywesha mifugo yake kwanza kiangazi kizima. Ukoo wa mwisho ulikunywa tope.

Tapkigen hakukosa gulio. Akapata njuga arobaini. Akipita, chwa! chwa! chwa! watu wanageuka. Akaupenda mlio ule kuliko chakula.

Mbio za Chumvi zikafika. Mteremko aliuruka kama mbuzi. Mlimani miguu ikagoma, akaketi juu ya jiwe, wenzake wakampita wote. Akafika wa mwisho.

Kiangazi kile ng'ombe wao wanne walikufa. Maziwa ya mama yake yakapungua, na mdogo wake mchanga akawa analia bila sauti. Tapkigen akaona kila njuga inamsuta. Akazifungua zote, akaenda nyuma ya nyumba, kwa Punda wao mzee.

"Shikamoo, Babu Punda."

"Marahaba, mwanangu. Leo unatembea kimya?"

"Nimekosa, Babu. Watu wanasema ni bahati mbaya, lakini si bahati. Nilijimaliza kwa vigelegele vya gulioni, nikaenda kwenye mbio za ukoo nikiwa ganda tupu."

Punda akatafuna kwanza, akameza. "Mimi walinibebesha magunia ningali mtoto, kila gulio. Tazama mgongo."

Mgongo ulikuwa umebonyea kama kitanda cha kamba kilicholegea.

"Mungu haumbi mbegu na gunia siku moja," Punda akasema. "Panda, palilia, ndipo uvune. Mwaka huu utashindana mara tatu: mvua za kwanza, mtama ukitoa maua, mtama ukikomaa. Siku nyingine zote utakimbia peke yako, mteremko na mwinuko, polepole. Tena utalala usingizi wa kutosha."

"Mara tatu tu! Watanisahau."

"Mtama nao husahauliwa ukiwa ardhini."

Gulio la kwanza, Fisi akamwona amesimama pembeni. "Dada, njuga ziko wapi? Umezinunulia uji?"

Tapkigen akajibu, "Panda, palilia, ndipo uvune."

Gulio la pili, Ngiri akapiga kelele, "Mwacheni bibi kizee, amezeeka kabla ya kuolewa!"

Tapkigen akajibu, "Panda, palilia, ndipo uvune."

Gulio la tatu akapita Kipsoi, kijana wa ukoo wa bondeni, bingwa mpya. Chwa! chwa! chwa! "Tapkigen, kwa kuwa huna kazi, nihesabie mizunguko."

Hilo lilimchoma. Kusema kweli, mguu mmoja ulishavuka mstari. Akamwona mama yake kule kwa wauza vibuyu, mtoto mgongoni. Akaurudisha mguu. Safari hii maneno aliyasema kwa meno yaliyoumana.

Mara zake tatu akakimbia. Mvua za kwanza, wa nne. Maua ya mtama, wa pili. Mtama ulipokomaa, wa pili tena, na Fisi akacheka hadi akajikwaa. Lakini Tapkigen hakuongeza hata gulio moja. Kila alfajiri alimwomba Mungu, akashuka mlima, akaupanda.

Siku ya Chumvi ikafika. Kipsoi akatangulia na njuga zake hamsini. Ziwani akachukua bonge lake kwanza, akaanza kupanda, naye Tapkigen akimfuata kwa mlio tu. Chwa! chwa! chwa! Baadaye, chwa... chwa. Halafu, chwa. Halafu kimya.

Akamkuta ameketi juu ya jiwe.

"Dada," Kipsoi akasema, "miguu imekwisha."

"Najua. Mwaka jana nilikalia jiwe hilohilo." Akampa kibuyu chake cha maji. "Kunywa. Ukipata nguvu, njoo taratibu."

Akaendelea. Kifua kinawaka, chumvi inamkata bega. Lakini miguu ilikuwa na akiba, nayo ikatoa ilichowekewa. Hatua, hatua, hatua, hadi kisimani, na nyuma yake hakuna mtu.

Wazee wakaita, "Ukoo wa Tapkigen, nywesheni!"

Ukoo ukasogea na ng'ombe. Tapkigen akawapita wote, akamvuta Punda, ambaye tangu azaliwe hunywa wa mwisho.

"We! Punda kabla ya ng'ombe?" wakanung'unika.

"Huyu ndiye aliyepanda mbegu," Tapkigen akasema.

Mama yake, mtoto mgongoni, akasema, "Mwacheni anywe."

Punda akanywa mpaka tumbo likajaa. Akainua kichwa, akalia kwa nguvu zake zote. Hata leo akishiba maji hufanya hivyo. Wengine husema anapiga makelele. Watoto wa ukoo ule wanajua anachosema, nao gulio likija, hubaki shambani wakipalilia.

Ngano yangu inalala hapo. Mimi niliyewasimulia nimevuna mazao mabichi mara nyingi, Mungu anisamehe. Nyinyi palilieni.